Kabla jeshi halijamuchukua, kijiji kilikuwa kimeisha kumutoa

Vijana wenzetu wa Goma, Bukavu, Uvira, Beni, Butembo, Bunia, na ninyi mulioko Kinshasa ao ngambo,

Juma hii hatuleti tangazo la maandamano wala barua kwa gavana. Tunaleta mambo ya kitabu kimoja cha hadisi. Tunajua kuna wenye watasema: "Batu banakufa, nyiye munatuletea hadisi?" Vumilieni kidogo. Kitabu hiki kinazungumuzia wasichana wanaoingizwa jeshini kwa nguvu, na mambo hayo, hapa kwetu, hakuna mwenye aliyajua kwanza mu kitabu.

Kinaitwa The Gilded Ones. Kiliandikwa na Namina Forna, kikatoka mwaka 2021 kwa Kiingereza. Huyu dada alizaliwa Sierra Leone, akaondoka kule akiwa na miaka 9 juu ya vita, akakomalia Marekani. Ni hadisi ya inchi isiyokuwako: kuna ufalme mukubwa unaoitwa Otera, kuna kaizari, kuna manyama ya kutisha, kuna watu wanaouawa na kufufuka. Vijana wengi wanapenda hadisi za namna hii mu filme na mu telefone, na wakubwa wanasema ni kupoteza wakati. Mimi ninayeandika niko na lisanse na sina kazi, kwa hiyo wakati wa kupoteza ninao. Nilikisoma siku ine, na betri ya telefone ilinisumbua kuliko kaizari mwenyewe.

Mwenye anataka kukisoma bila kujua mwisho wake, aruke mafungu mawili.

Deka ni binti wa miaka 16 mu kijiji kinaitwa Irfut. Kule, kila binti akifika miaka ile, wazee wanamukata kidogo mbele ya watu wote kusudi waone damu yake. Ikiwa nyekundu, yeye ni safi: atapewa barakoa ya kufunika uso, ataolewa, atakaa na watu. Ikiwa ya rangi ya dhahabu, yeye ni shetani. Ya Deka inatoka dhahabu. Sasa angalieni vizuri ni nani anamugusa wa kwanza.  Ni wazee wa kijiji, wanamufunga chini ya nyumba na kumuua. Anafufuka. Wanamuua tena. Na kila mara wanakinga ile damu, juu ni dhahabu kweli, na dhahabu inauzwa. Baba yake mwenyewe alishika upanga. Njo siku moja anafika mwanamuke mwenye kuvaa gante nyeupe, anamuambia: uko na njia mbili, kufa kabisa ao kuingia mu jeshi la kaizari miaka 20, ukimaliza, utahesabiwa safi. Hiyo njo Otera wanaita kuchagua.

Deka anaenda. Anakuta wabinti wengine wengi wenye damu kama yake. Wanafundishwa kupigana na manyama yanayoitwa deathshrieks, yenye kulia kwa sauti ya kupasua masikio. Wanayaua kwa mamia. Mupaka siku wanagundua kwamba yale manyama ni wabinti kama wao, waliokufa kufa kwa mwisho na kuzaliwa tena mu mwili ule wa kutisha. Kaizari alikuwa anawatuma kuua dada zao. Hapo njo wanamugeuzia silaha.

Nimesoma watu wakisifu ile sehemu ya mwisho, wanawake wanasimama, ufalme unatetemeka. Ni nzuri, sikatai. Lakini mimi nilikwama pale mwanzoni, chini ya ile nyumba. Mwandishi angeweza kufanya askari wafike na farasi, wavunje mulango, wamubebe binti huku mama analia. Vile njo tumezoea kuhadisia. Yeye aliona kitu kingine: jeshi la kaizari halikuwa na haja ya kuvunja mulango wowote. Kijiji kilikuwa kimeisha kumutoa. Jeshi liliokota.

Na hiyo, wandugu, ni historia ya inchi yetu karibu neno kwa neno.

Wakati wa Leopold, mwaka 1891, ilitoka amri ya kwamba kila mwaka vijiji vitoe vijana kwa Force Publique. Aliyepaswa kuwapana ni shefu. Na mashefu wengi walimupana nani? Mara nyingi, yule wasiyemutaka: mutumwa, mugeni, mwenye makelele, mutoto asiyekuwa na mujomba wa kumutetea. Wengi walifika kambini wamefungwa mu minyororo, na kwenye karatasi waliandikwa wanajeshi. Wanawake nao walikuwa na kazi yao mu ile mashini: pale wanaume walikataa kukata kauchu, askari waliwakamata wake zao na kuwafungia mupaka kilo zitimie. Vita ya 1914 ilipofika, Wabeleji walibebesha watu zaidi ya 200 000 mizigo kwa kupigana na Wajermani, mupaka Tabora ikaanguka mu Septemba 1916. Wangapi walirudi mu vijiji vyao, hata leo mutu hawezi kukuambia sawasawa.

Kisha ikaja miaka ya wazazi wetu. Mwaka 1996 AFDL ilipita hapa hapa Kivu ikiokota watoto, tukawaita kadogo. Tuliwapigia makofi. Tarehe 17 Mei 1997 wakaingia Kinshasa, wengine bunduki ilikuwa karibu inawapita urefu. Neno "kadogo" linachekesha, lina upendo ndani, na pengine njo sababu halikutuumiza. Mutoto mwenye bunduki akapewa jina la kubembeleza.

Ya leo munaijua. Vijana wanakamatwa njiani, wanakamatwa mu msako wa usiku, wanapelekwa kwenye "mafunzo". Mashirika ya haki za binadamu na Umoja wa Mataifa wameandika hiyo juu ya M23, wakaandika pia juu ya vikundi vingine, na vile vinavyojiita Wazalendo vimo. Najua hapa wengine watakasirika. Niko naona tayari maneno yatakayoandikwa: munalinganisha mwenye kuvamia na mwenye kulinda inchi. Hapana. Nani alivamia inchi na nani alivamiwa, tumeisha kusema mara nyingi na hatubadiliki. Ile tunasema leo ni nyembamba zaidi: mutoto wa miaka 15 mwenye bunduki upande wenye unaupenda, bado ni mutoto wa miaka 15. Sheria yetu wenyewe ya Januari 2009 juu ya kulinda mutoto inakataza kumuingiza mutu yeyote wa chini ya miaka 18 mu jeshi ao mu kikundi cha silaha. Haikuandika "isipokuwa kama adui ni mubaya sana".

Na lile neno "alijitolea" tulitazame vizuri, juu linatembea sana mu kartie zetu. Deka naye alijitolea. Mulango mwingine ulikuwa kifo. Binti wa kwetu mwenye wazazi walikufa, mwenye analala kwa shangazi asiyemutaka, mwenye aliona kwamba wenye bunduki hawapigwi na wanakula, akienda musituni kwa miguu yake, tunasema alijitolea. Waamuzi wa Mahakama ya Kimataifa ya La Haye hawakupokea uongo huo. Tarehe 14 Machi 2012, mu hukumu ya kwanza kabisa ya ile mahakama, walimukuta Thomas Lubanga na kosa la kuingiza na kutumia watoto wa chini ya miaka 15 huko Ituri, mu 2002 na 2003. Kama walikokotwa ao waliingia wenyewe, yote ilikuwa kosa. Mutoto kusema "ndiyo" hakumuokoi mwenye kumuvalisha uniforme. Alipata miaka 14.

Lakini hata pale La Haye, kuna mutu hakuonekana vizuri. Mashahidi walizungumuza juu ya wabinti mu kambi za Lubanga, wenye walikuwa wanabeba bunduki muchana na kubakwa usiku na wakubwa wao. Mwendesha mashitaka hakuwa ameandika ubakaji mu mashitaka, kwa hiyo hukumu haikumuazibu juu yake. Jaji mumoja mwanamuke, Elizabeth Odio Benito, hakukubaliana na wenzake, akaandika kwamba kuacha hiyo pembeni ni kuwafanya wabinti wale wasionekane. Ilipofika zamu ya Bosco Ntaganda, mutetezi wake alikuja na hoja yenye ingemufurahisha kaizari wa Otera: ati sheria ya vita inalinda watu wa upande mwingine, haimulindi askari mbele ya askari wenzake. Kwa maneno mengine, binti akiisha kuingizwa jeshini kwa nguvu, yeye ni wa jeshi, na ile jeshi inamufanyia ni mambo ya ndani ya nyumba. Mu 2017 waamuzi waliikataa hoja ile, mara ya kwanza na tena kwa rufani. Mu Julai 2019 Ntaganda alihukumiwa, na mu ile hukumu kulikuwa ubakaji na utumwa wa ngono juu ya watoto wa kikundi chake mwenyewe. Miaka 30. Watu wa sheria duniani kote wanasoma kesi hii. Hapa kwetu, kwenye ilitoka, mara ngapi umesikia mutu anaihadisia mu basi?

Basi turudi kwa kijiji, juu kule njo kazi yetu iko.

Sierra Leone ya Namina Forna, vita ilipoisha mwaka 2002, watoto karibu 7 000 walikuwa wamepita mu programu ya kuweka silaha chini. Kati yao wabinti hawakufika hata 10 kwa mia, na kila mutu alijua kwamba musituni walikuwa wengi kuliko pale. Walienda wapi? Mara nyingi wenye kuandikisha waliuliza: silaha yako iko wapi? Binti aliyekuwa anapika, anabeba risasi, anafanywa "muke" wa komanda, silaha hakuwa nayo ao alikuwa amenyanganywa. Akarudishwa kwenye mulango. Wengine hawakufika hata kwenye mustari, juu kusimama pale mbele ya watu ilikuwa sawa na kukatwa kule Irfut: kila mutu ataona rangi ya damu yako.

Kongo tulirudilia ile ile. Mwaka 2017 shirika moja, Child Soldiers International, lilitoa raporo juu ya wabinti waliotoka mu vikundi vya silaha hapa mashariki, waliozungumuza wenyewe. Walichosema kinaumiza juu ni kidogo sana. Hawakuomba majumba. Walisema kwamba ile inayowaumiza zaidi kiisha kurudi ni vile watu wa kwao wanawatazama. Walisema wanataka kusoma. Na kuna waliosema kwamba waliwaza kurudi musituni, ao walirudi kweli, juu nyumbani matusi yalikuwa mengi.

Soma tena fungu lile. Binti alikokotwa mara ya kwanza na wenye bunduki. Mara ya pili alisukumwa na wamama kwenye bomba la maji.

Tunayajua maneno yenyewe. "Ile ni muke ya musituni." "Usitembee naye, atakuchafua." "Mutoto yake, baba ni nani?" Mama mumoja anakataza binti yake kuketi naye mu korale. Familia inasema mahari haitatoka tena. Pastere anamuombea mapepo yamutoke, siku tatu bila kula, wakati ile anayohitaji ni daktari na kulala. Na sisi vijana, wenye diplome, wenye kuandika "haki" kwenye tisheti, tunafanya nini? Tunacheka mu grupu ya WhatsApp. Kijana mwenye alitoka musituni anarudi, wanamuogopa kidogo, wanamuheshimu kidogo, wengine wanamunywesha bia kusudi ahadisie. Binti hakuna mwenye anamunywesha kitu. Nimeona hiyo, na wewe unayesoma umeiona.

Mu Irfut wazee walikuwa wanauza ile damu. Kwetu pia kuna wanaokula. Kuna mwenye anajua binti ambaye familia haimutaki, anamuelekeza kwa "kazi" ya kupika kambini. Kuna shefu wa kijiji mwenye kikundi kilimuomba vijana kumi, akahesabu kwanza wale wa mujane. Tuweke wazi: hatuzungumuzi juu ya wazazi wenye mutoto wao alibebwa akitoka shule, wenye wanalia mupaka leo. Hawa hawana kosa lolote, na mwenye kuwahukumu anyamaze. Hata ule mushefu, pengine bunduki ilikuwa kwenye sikio lake. Lakini bunduki ile haikumuambia aanze na mutoto wa mujane. Hiyo alichagua mwenyewe.

Kitu kingine kitabu kinaonesha vizuri, na nilifurahi kukikuta: ile ilivunja Otera haikuanza na upanga. Ilianza na wabinti kulala mu chumba kimoja na kuambiana ukweli. Deka na rafiki yake Britta na wengine, kila mumoja alifika akiamini kwamba yeye peke yake alikosa, yeye peke yake ni muchafu. Mumoja anaonesha makovu yake, mwingine anasema "mimi pia". Kaizari alikuwa na majeshi, na vitabu vitakatifu, na barakoa za kufunika uso wa kila mwanamuke, na vyote vile vilihitaji kitu kimoja: wabinti wasiambiane. Sitasema hapa ni wamama gani wa kwetu wanafanya kazi ile ile, kuketisha wabinti mu duara na kuwaacha waseme, juu wengine wanafanya mu siri na ni vizuri ibaki mu siri. Wako. Hawana V8 wala bango la mufadhili.

Mahali sikubaliane na Namina Forna ni kule mwishoni. Wabinti wanafungua miungu ya kike iliyofungwa, vita inawaka, upanga kwa upanga. Sisi ni mwendo usiotumia silaha, na hatukufika pale kwa kukosa hasira. Tulifika pale kwa kuhesabu. Tumehesabu ni mara ngapi, tangu 1996, mutu alikuja na silaha akisema anakomboa, na ni mara ngapi kitu chake cha pili, kiisha hotuba, kilikuwa kutafuta vijana wa kuandikisha. Na mwandishi mwenyewe, ukiendelea mu kitabu cha pili, The Merciless Ones cha mwaka 2022, anaanza kuonesha kwamba ile miungu iliyofunguliwa nayo ina njaa yake, na wabinti walikuwa wamebadilisha bosi tu. Nilicheka peke yangu usiku. Mutu wa Kivu angemuhadisia bure.

Kuna mwenye ataniuliza: bila silaha mulipata nini? Swali ni la haki. Nitajibu kwa mufano mumoja. Jeshi la inchi hii, FARDC, lilikuwa linaandikwa na Umoja wa Mataifa kati ya majeshi yenye kuingiza watoto. Watu walikusanya majina na tarehe, walipiga makelele miaka na miaka. Tarehe 4 Oktoba 2012 serikali ilitia sahihi mupango wa kuwatoa watoto na kuzuia wengine wasiingie, na mu 2017 jeshi likaondolewa mu sehemu ile ya orodha. Si kwamba liligeuka malaika. Juu ya mambo ya kubaka wanawake liliendelea kuandikwa. Lakini juu ya kitu kimoja, mulango ulisogea, na uliosogeza ni makaratasi ya watu wenye kuandika majina. Kesi ya Lubanga na ya Ntaganda nazo zilisimama juu ya watu waliokubali kusema jina, siku, mahali.

Sasa, ile tunaomba. Kwa wenye silaha wote, bila kutaja rangi ya uniforme: watoto watoke, wabinti kwanza, na musiulize bunduki yao iko wapi. Kwa serikali na wafadhili wanaopanga programu ya kurudisha wapiganaji: binti ahesabiwe hata kama hana silaha ya kuweka chini, na mazungumuzo naye yafanywe na mwanamuke, pembeni, bila kamera. Shule ya musingi ni bure tangu 2019, sawa, lakini binti wa miaka 17 mwenye mutoto mugongoni hawezi kuketi mu ya tatu na watoto wa miaka 8. Tunataka masomo ya kurudilia ya watu wazima mu kila komini, na mahali pa kuacha mutoto wake akisoma. Kwa wapastere na mapadri: mumoja wenu asimame siku ya mungu aseme kwa mudomo wake kwamba binti aliyerudi anapokelewa mu korale. Mara moja tu. Mutaona vile kartie itabadilika, juu wamama wetu wanaweza kukataa maneno ya gavana, ya pastere hapana.

Na kwako kijana mwenzangu. Kama mutoto alichukuliwa kwenu, andika jina lake, miaka yake, siku, mahali, na ile watu waliona, kwa karatasi, na uifiche vizuri. Usiweke mu Facebook. Kama familia haijui mutoto wao yuko wapi, Msalaba Mwekundu uko na kazi ya kutafuta na kuunganisha watu waliotenganishwa na vita, na haulipishi. Kama binti amerudi, usimupige foto. Usimuulize alikuwa muke wa nani. Usiandike hadisi yake mu statusi hata kama unadhani unamusaidia; akitaka kusema, atasema, na atachagua nani. Kama unasikia mu grupu mutu anaandika "muke ya musituni", mujibu pale pale mbele ya wote, usimwandikie pembeni.

Juu ya kitabu: tuko tunaanzisha kikundi cha kusoma, wabinti na wavulana, kila siku ya posho saa tisa. Kiingereza cha kitabu si kigumu sana, na wenye hawakijui tutawahadisia kila sura kwa Swahili yetu, mustari kwa mustari kama inahitajika. Wabinti waliorudi wanakaribishwa kama musomaji mwingine yeyote, hakuna mwenye atawauliza kitu. Mwenye yuko na telefone yenye kushika moto muda mrefu, ao batri ya kuazima, atuandikie mu siri. Mahali tutawaambia mumoja mumoja.